Kumuaga Bwana Bado, Mwalimu wa Kwaya

Baba Paroko, Sista Mkuu, Mwenyekiti wa Parokia, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanakwaya wenzangu, hasa wa besi mlioanza kula kabla ya baraka: Tumsifu Yesu Kristo!

Nimepewa dakika chache za kumuaga mwalimu wetu wa kwaya, ambaye sasa anahamia kwa binti yake. Nimeonywa nisilie. Tutaona.

Kesho ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, tunaanza tena yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, na nani kati yetu aliyekulia katika kwaya hii asiyeyakumbuka Majilio ya mwalimu huyu? Kile chumba cha mazoezi nyuma ya sakristia, mabenchi yasiyo na migongo, dirisha lililokataa kufungika, harufu ya mishumaa, na yeye mbele na rula yake. Nyimbo za Krismasi tulijifunza, ndiyo, lakini kwa noti tupu: do, mi, so, jioni baada ya jioni. Maneno aliyafungia kabatini mpaka sikukuu yenyewe. Neno moja likikuponyoka, rula inagonga meza: "Bado!" Ndiyo maana tukamwita Bwana Bado, na msijifanye hamjui, mwenyewe anajua.

Tulinung'unika, jamani! Madukani Krismasi imeshaanza, redioni inaimbwa, sisi tunarudia do re mi kama watoto wa chekechea. Naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Mgeni hajafika, mnamshangilia nani? Kwanza safisheni nyumba." Na alimaanisha. Walionuniana aliwakalisha benchi moja mpaka wapatane. Mimi na wifi yangu tulikaa pale Majilio mawili mazima.

Sasa niwaambie kuhusu mwaka ule mama yangu alipougua. Mama aliimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa. Majilio yakiwa katikati, daktari alituita pembeni akatuambia kwamba Krismasi hataiona. Mama naye alikuwa na ombi moja tu: ausikie wimbo wake wa Krismasi, na maneno yake. Haya, nani wa kumwendea Bwana Bado? Nilikwenda mimi, nimejiandaa kwa ugomvi, maana mnanijua. Nilimkuta akipanga viti. Nikamweleza ombi la mama. Alifungua kabati, akatoa maneno.

Jioni ile kwaya nzima ilijaa chumbani kwa mama, besi wakabaki koridoni. Mwalimu akainama kitandani.

"Dada, leo tunaimba na maneno."

Mama alimtazama, akatabasamu kwa ile midomo iliyokauka.

"Umetutesa miaka yote hiyo, halafu leo unilegezee mimi? Niliomba kwa sababu niliogopa, kaka. Sasa mmekuja, siogopi tena. Imbeni noti. Maneno nitayasikia huko niendako."

Tukaimba noti. Mwalimu alishindwa kuongoza, alikuwa amegeukia ukuta. Aliyetuongoza ni mama, kwa kidole, juu ya shuka.

Alituacha siku chache baadaye.

Ndugu zangu, Majilio ni nini? Baba Paroko, mahubiri yako nayapenda, hata yale marefu, lakini mimi Majilio niliyaelewa pale kitandani. Ni kuujifunza wimbo ambao maneno yake hujapewa, na kuushika vizuri, kwa kuwa unamwamini anayekuja nayo. Ndiyo maana tunaungama, tunapatana, tunamkumbuka jirani asiye na kitu. Hatujui yote anayokuja nayo, tunajua anakuja.

Mwalimu, siku zile nilikuona mkali usiye na huruma. Leo nani atatufundisha kungoja? Tutajitahidi wenyewe, na huko uendako uwahurumie wajukuu. Tunakupenda sana.

Asubuhi ya Krismasi ya mwaka ule nilisimama kwenye sauti ya pili, mahali pa mama. Uliinua mkono, midomo yetu ikafunguka, maneno yakatoka, kanisa zima likatetemeka. Nililia, lakini kwa furaha, furaha kabisa, kwa sababu nilijua kwamba safari hii mama alikuwa ameyapata kabla yetu.

Nawashukuru nyote mlionivumilia mpaka hapa. Asanteni sana kwa masikio yenu.