Raba ya Mama Wanja

Ndani ya teksi ya Probox ya kwenda mji wa Ziwa, Linah, karani wa shule, alikuwa amepakata kompyuta kama mtoto mgonjwa. "Niliongeza RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, Jumatatu," alimwambia dereva. "Tangu hiyo siku inajizima tu, na ripoti za wanafunzi zinatakiwa kesho."

Mzee Ng'ang'a akageuka kutoka kiti cha mbele, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Toa RAM zote. Sugua yale meno ya dhahabu na raba ya penseli, halafu urudishe moja moja, utajua ni gani inasumbua."

"Raba, Mzee? Fundi amesema shida ni Windows."

"Fundi! Sisi tulikuwa na saiba ya intaneti hapo mjini, mashine nane. Kila Jumamosi mke wangu, Mama Wanja, alikuwa anazisugua zote akiimba nyimbo za kanisa. Hakuna iliyokuwa inajizima."

Linah akacheka. "Basi nipeleke kwake."

"Tulishamzika," Mzee akasema, akageuka kutazama barabara. Gari liliposimama Ziwa, alitoa mfukoni kipande cha raba, kidogo kama punje ya mahindi. Linah akanyoosha mkono.

Mzee akakitazama, akakirudisha mfukoni. "Duka ni ile pale, nunua yako. Hii imebaki kidogo sana."