Mkanda Mwekundu Uliokuwa Kambani

Mheshimiwa Meya, Daktari Mkuu wa Mifugo, walimu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mzee Filimbi, uliyeinama hapo mbele kana kwamba unazikwa badala ya kuagwa kazini: pokeeni salamu zangu.

Mzee wetu aliniomba jambo moja tu. "Mwalimu, usinisifu sana, mbwa watadhani nimekufa." Nimemsikia. Lakini leo mwenye kipaza sauti ni mimi.

Mnamjua kwa filimbi yake. Akiipuliza nyuma ya machinjio, mbwa wasio na mwenyewe humjia mbio, naye huwachanja mmoja mmoja, huwavisha mkanda mwekundu shingoni na kuwauliza habari za nyumbani. Je, mnakumbuka tulivyomwita zamani? Mzee Bunduki. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kichaa cha mbwa kilipomuua mtoto wa fundi cherehani, manispaa ilitoa amri: mbwa mwenye mkanda mwekundu amechanjwa, aachwe; asiye nao apigwe risasi. Amri hakuitunga yeye. Alikabidhiwa bunduki na orodha ya mitaa, basi.

Mbwa wangu, Kahawa, aliuawa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kona ya mtaa wetu. Mzee huyu hakumtupa kwenye lori pamoja na wengine. Alimfunga kwa koti lake la kazi, akaulizia nyumba kwa nyumba, akabisha mlangoni kwangu. "Mama, nimekuletea msiba," alisema. "Sikuona mkanda."

Nilimjibu nini? Nilimwita muuaji na kipofu. Kisha nikaiandikia manispaa kwamba Kahawa alikuwa na mkanda wake shingoni. Kwa barua ile alishushwa cheo, na hakupandishwa tena mpaka leo anapostaafu. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alirudisha bunduki, akaomba sindano. Nilipoanzisha kikundi cha kuokoa mbwa, mkanisifu sana, na yeye akaja kujitolea kila Jumapili. Aliosha vidonda, mimi nikimshikia beseni, na maneno nikiyameza.

Ndugu zangu, leo nayatema. Kahawa hakuwa na mkanda. Niliuvua mwenyewe asubuhi ile kwa kuwa ulinuka, nikaufua kwa sabuni, nikauanika. Mzee huyu aliposimama mlangoni na mzigo wake mikononi, mkanda ulikuwa kambani unachuruzika maji. Nilikuwa nauona juu ya bega lake. Wahenga walisema hasira hasara. Mimi hasara yangu nilimbebesha mtu mwingine, akaibeba miaka kumi na mmoja.

Barua ya kuikanusha ile ya kwanza nimemkabidhi Mheshimiwa Meya kabla ya kusimama hapa. Najua nimechelewa. Cheo hakitarudi, lakini jina lake lirudi, na aibu ije kwangu inakostahili.

Mzee Filimbi, mkanda ndio huu. Haujavaliwa tangu siku ile. Nasikia unaondoka na yule mbwa mzee wa jicho moja, ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemtaka. Mvalishe huu. Na ukiona heri kunitupia usoni, nitainama niuokote.

Nisamehe, baba.

Nanyi ndugu zangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba mnapopiga makofi, mumtazame yeye.