Mama Severa Hakugusa Kichwa Bila Kuuliza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Tarsis, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome kwa ufupi. Nitajitahidi, ila dada yangu hakuwa mtu wa ufupi.

Theopista, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Severa, alizaliwa Kibosho tarehe 12 Agosti 1937, mtoto wa Mzee Onesphory na Mama Candida. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Masista walimfundisha kushona, yeye akatoka na ufundi wa kusuka wenzake.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na marehemu Melkiori, wakahamia Dar es Salaam, ambako shemeji alikuwa na duka Kariakoo. Mwaka 1966 alifungua saluni Mtaa wa Sikukuu: viti viwili, kioo, na jiko la mkaa la kupashia chanuo.

Mwaka 1969 yalimkuta. Aliingia mama mmoja wa Magomeni, Benedikta, kajifunga kaniki, macho yamevimba kwa kulia. Siku hizo wafiwa walikuwa wakija kunyolewa baada ya kuanua tanga, basi dada hakuuliza kitu. Benedikta alikaa kitini, akapitiwa na usingizi, na dada akamnyoa kipara. Kumbe mumewe alikuwa hai, amelazwa hospitali, na mama wa watu alitaka kupunguzwa ncha tu. Mama mkwe alipokiona kile kichwa alipiga yowe: "Umeshamzika mwanangu?" Ulikuwa uchuro mkubwa, na Benedikta alifukuzwa siku ileile.

Dada alipopata habari alifunga saluni, akaenda Magomeni, akapiga magoti mbele ya yule mama mkwe. "Shikamoo mama. Mkwe wako hana kosa. Kosa ni langu, sikumuuliza." Hakuinuka mpaka Benedikta aliporudishwa ndani. Mume alipona, na leo yupo hapa, ameshika koleo.

Tangu hapo dada aliweka benchi mlangoni. Ukiingia unakaa, naye anakaa kando yako: unataka nini, unakwenda wapi, nyumbani kuna nini. Mimi mwenyewe benchi lile liliniudhi sana. Baadaye saluni ilipoingizwa kwenye ushirika, mwenyekiti wa ushirika alimjia juu: "Mama Severa, foleni imefika barabarani. Hapa ni saluni au baraza?"

"Mwenyekiti, nywele nikishazikata sina pa kuzirudishia. Watasubiri."

Wakasubiri.

Novemba mwaka jana aligundulika ana saratani ya tumbo. Wiki za mwisho shangazi yetu Hyasinta alileta wembe, anyolewe apate nafuu ya joto. Severa, binti yake, aliupokea, akauweka mbali, akakaa kitandani. "Mama, unataka nikufanyeje?"

Sauti ilikuwa karibu kwisha. Tulingoja.

"Nisuke," akasema. "Mistari minene, irudi nyuma. Na msinifunge kitambaa."

Severa alimsuka, akipumzika kila mama alipochoka. Dada alifariki alfajiri ya tarehe 3 Mei 1983.

Ameacha watoto watatu, Severa, Gaudens na Kasmir, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na benchi ambalo Severa amesema halitoki pale mlangoni.

Jana baadhi yenu mliuliza kwa nini hatukumfunga kitambaa. Mmesikia sababu. Bwana ampe pumziko lenye amani. Nenda, dada. Hakuna aliyekugusa kichwa bila kukuuliza.