Nilinyamaza kwa Ajili ya Mke wa Mtu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nawasalimu kwa jina la Yesu. Nimeombwa niseme yaliyonipata, nami nitasema nikiwa nimesimama, maana habari hii nikiieleza nimekaa, miguu haitulii. Majina sitataja. Anayejua anajua, na asiyejua hajapungukiwa kitu.

Nilikuwa padri wa kanisa moja la Anglikana hapa Songea mjini. Mchana mmoja, mke wangu akiwa anasonga ugali, aliingia bibi mmoja Mkatoliki, amemshika mkono mke wa mwanawe. Yule mama aliyeshikwa mkono alikuwa muumini wangu, na mumewe alikuwa mzee wa kanisa letu, mwenye duka Majengo, mtu wa kuheshimika. Uso wa mama umevimba, jicho moja halifunguki.

Bibi akasema, "Padri, mwanangu atamuua huyu. Mtoe mjini. Na usiseme kwamba mimi ndiye niliyemleta. Naishi kwake, sina kwingine."

Nikaahidi. Tulimwuliza yule mama kama twende polisi. Akasema kwanza anataka mahali pa kulala bila kuogopa. Dada yangu analima Madaba, tukakubaliana aende huko. Mke wangu ndiye aliyekuwa amsindikize, lakini aliamka na homa. Nikambebea begi mimi, tukaingia basi, tukakaa kiti kimoja.

Kumbe stendi kuna mtu katupiga picha.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, mumewe alisimama. "Padri, kabla hujatubariki, waambie watu mke wangu umemweka wapi."

Nikajibu, "Mzee, tuzungumze ofisini." Neno hilo ndilo lililoniangusha. Watu wakaona nina la kuficha, na ni kweli nilikuwa nalo. Kufika jioni ile picha imezunguka kwenye simu za mji mzima, pamoja na sauti ya mumewe akilia kwamba padri kamwibia mke.

Ndugu zangu, nawaambia, kusingiziwa ni jambo moja. Kusingiziwa huku jibu umelishika mdomoni ni jambo jingine kabisa. Nilishindwa kukaa. Chai inapoa, nimeshanyanyuka. Nafika getini, narudi. Nikipita kijiwe cha bodaboda, mazungumzo yanakatika, nikishapita nasikia kicheko. Baba Askofu akanisimamisha kuhudumu mpaka halmashauri ya kanisa ikae. Nikawa nasali benchi la nyuma, na hata hapo watu waliacha nafasi pande zote mbili.

Siku moja nikasema basi. Nikaanza kuvaa viatu.

Mke wangu akauliza, "Unakwenda wapi?"

"Dukani kwake. Nitamwambia amwulize mama yake mzazi."

Hakunizuia. Aliniuliza tu, "Na bibi atalala wapi leo?"

Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja. Mtanisamehe mkicheka, lakini nilizunguka uani hivyohivyo mpaka jua likazama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Sikwenda.

Halmashauri ikakaa. Mwenyekiti akaniuliza, "Padri, ulipanda basi na mke wa mtu?"

"Nilipanda."

"Mlikwenda wapi?"

"Sitasema."

"Unajua tutakachoamua?"

"Najua."

Mumewe alikuwa ameketi mbele yangu, shati limepigwa pasi, ametulia kuliko mimi. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, bibi akaingia. Hakuna aliyemwita. Akasalimia, akakataa kiti.

"Mimi si wa kanisa hili," akasema. "Lakini jana kwenye jumuiya yetu akina mama walikuwa wanamcheka huyu padri, nikashindwa kucheka nao. Yule mwanamke nilimtoa mimi. Nguo zake nilizifunga mimi. Huyu nilimwomba asiseme."

Mwanawe akasema taratibu, "Mama, nyamaza."

"Nilinyamaza kwa baba yako mpaka nikamzika. Kwako sinyamazi."

Chumba kizima kikawa kinatazama sakafu. Mimi nililia, ndugu zangu, na sikujificha.

Mzee yule alivuliwa uzee wa kanisa, nami nikarudi madhabahuni. Bibi hakurudi kwa mwanawe. Alikaa nasi msimu mzima wa mvua, kisha binti yake akamchukua. Yule mama yuko hai, na anakoishi sitasema hata leo. Lakini picha ile bado iko kwenye simu za watu. Uongo walirushiana, ukweli hakuna aliyeurusha. Nikiona watu wawili wameinamia simu moja, bado nabadilisha njia.

Namshukuru mke wangu kwa lile swali moja. Namshukuru jirani yetu Mwislamu, ambaye kila alfajiri akitoka msikitini aliendelea kunisalimia kwa sauti, mtaa mzima usikie. Na yule bibi, Mungu amtunze. Alipoteza nyumba ili nisipoteze jina.

Nilichojifunza ni kidogo. Jina langu si mali ya kununuliwa kwa uhai wa mtu mwingine. Basi.

Na kama yupo mama hapa aliyesikia habari yake ndani ya yangu, mke wangu ndiye yule mwenye kitambaa cha bluu, karibu na mlango. Tukitoka, mwombe maji ya kunywa tu. Ataelewa.