Kigari Kinachochechemea

Ndani ya basi, fundi cherehani alikaa nyuma ya mwalimu aliyepakata roboti ya magurudumu, kigari cha bei nafuu cha kufundishia watoto vipimo. Muuza ndoo aliyekaa kando ya mwalimu aliuliza kama kimeharibika.

"Kizima, dada. Hiki unakisukuma kwa mkono, kinakariri njia, halafu kinairudia chenyewe. Aliyekifundisha ni binti aliyekuwa akichechemea. Sasa nacho kinachechemea, na watoto wamegoma kuingia darasani."

"Na binti?"

"Tulimzika. Alitumbukia mtaroni, pale kwenye geti la shule. Nakipeleka kwa fundi wa roboti akifute kumbukumbu."

Fundi cherehani aliuma meno. Mfuniko wa mtaro ule waliahidiwa na halmashauri tangu yeye hajaota ndevu. Walioahidi wamestaafu na vitambi vyao.

"Usikifute, mwalimu. Kipeleke kikachechemee ofisini kwa halmashauri, wakione."

"Wewe unasema tu. Hulali nacho nyumba moja."

Mapajani mwa mwalimu magurudumu yakaanza kuzunguka, moja likivuta, jingine likisubiri.

"Kizime basi," muuza ndoo akanong'ona.

"Betri nimeshaitoa. Ninayo mkobani."

Basi likasimama mbele ya karakana ya fundi wa roboti. Kondakta aliita kituo mara mbili. Mwalimu hakuinuka.