Minazi ya Pembe Nne

Pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nyuma ya msikiti mdogo, kuna benchi la ubao lililokosa mguu mmoja likawekewa tofali. Ukitaka kujua mambo ya dunia nzima, na mengine ambayo dunia yenyewe haiyajui, fika hapo baada ya Alasiri, Zaida akishatua dele lake la kahawa. Tangu gesi igunduliwe huko baharini, wageni wamefurika na vyumba vimeadimika. Umi, binti wa Mzee Mwinyimadi, alitolewa na mwenye nyumba ili ampishe mgeni. Sasa yeye, mumewe na watoto watatu wanalala sebuleni kwa baba yake, na mzee akiamka kwenda kutawadha huruka miguu ya wajukuu. Uwanja uliobaki ni kichaka kimoja tu, kinachotazamana na benchi, chenye kisima katikati. Chefe wa bairro, yaani mkuu wa mtaa, amekataza kujenga humo: kibaki kijani, watoto wacheze, watu wachote maji. Wanabenchi walimuunga mkono kwa kelele, wakaapa kukilinda kwa kupanda minazi. Na kwao aliyepanda mnazi ndiye mwenye mahali, ila hilo hakuna aliyelitaja.

— Mimi nimepanda minne, alisema Dulla Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Kwa ajili ya mazingira!

— Hata mimi minne, akasema Assane Injinia. Uinjinia wake ni kwamba aliwahi kumbebea injinia wa gesi kofia, siku mbili. Nyinyi hamjui, akaendelea. Gesi ikitolewa, chini kunabaki patupu. Mji utabonyea kama mpira! Mizizi ya minazi ndiyo itakayoushika.

— Gesi iko baharini, mji ubonyee kwa nini?

— Kwani bahari imesimama juu ya nini, Dulla?

Swali likamuuma Dulla. Akatafuta jambo kubwa zaidi.

— Wazungu wana setelaiti. Wanatazama kutoka angani. Wakiona kijani kingi hawasogei, wanadhani kuna simba.

— Simba kwenye minazi?

— Kwani nimesema amepanda juu? Yuko chini!

Zaida alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Na wewe, Mzee Mwinyimadi, umepanda mingapi?

Mwinyimadi alipuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Minne. Kwa ajili ya kivuli.

Haya ilimshika. Alikuwa amepima hapo kiwanja cha nyumba kwa hatua zake mwenyewe, kumi kwa nane, akamwambia Umi kwamba Idd ataila kwake.

Ndipo akatokea Cândido, kijana wa Nampula aliyekuja kutafuta kazi ya gesi. Zaida alikuwa amemtuma maji. Ndoo tupu, suruali imechanika.

— Com licença, samahani, wazee. Ile minazi mbona imepandwa minne minne, kila mmoja kwenye pembe yake, halafu ikazungushiwa miiba?

— Mbuzi! wakajibu wote watatu kwa pamoja.

— Sawa. Na mtu akitaka kwenda kisimani, anapita wapi?

Dulla akamtazama Assane, Assane akatazama juu, labda akitafuta setelaiti. Zaida akainamisha dele, likatoa matone mawili na machicha.

— Kahawa imeisha. Na kesho hakuna, mpaka kijana ajibiwe.

Mwinyimadi alilijua jibu. Njia ya kisimani ilipita katikati kabisa ya minazi yake. Kuing'oa ni kumwacha Umi sakafuni, na roho ilimuuma. Akainuka, akavuka, akaondoa miiba mbele na nyuma. Miche hakuigusa. Akarudi kukaa.

— Njia ipo sasa. Inapita sebuleni kwa Umi. Ila kila anayepita apige hodi.

— Mzee, pale hakuna nyumba, akasema Assane.

— Ipo. Haijaezekwa tu.

Cândido akabeba ndoo yake. Alipofika kwenye miche miwili ya mbele, iliyomfika magotini, akasimama, akageuka kuwatazama.

— Hodi!

— Karibu ndani! akaitikia Mwinyimadi kutoka benchini. Viatu acha mlangoni!

Na Cândido, maskini, akavua.