Mwalimu Mbula, Aliyewasomea Wanawake wa Nyota

Mama Nthenya, Muindi na watoto, wachungaji, walimu, wanafunzi, na nyinyi nyote mliopanda huku Kikima leo Ijumaa, mimi ni Mutie, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imeniomba niyasome maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuongeza.

Mbula alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 nyumbani kwetu Kabati, Kitui, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Kaloki na Mama Nthenya. Alianza shule ya msingi hapo Kabati mwaka 1990, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1997, akaenda sekondari ya bweni mjini Kitui hadi mwaka 2001, na mwaka 2003 akajiunga na chuo kikuu jijini Nairobi, ambako alisomea ualimu wa fizikia na hisabati, akahitimu mwaka 2007.

Mwezi Mei 2008 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya wasichana huko Kathonzweni, na hakuhama tena. Tarehe 11 Desemba 2010 alifunga ndoa kanisani hapa Kikima na Muindi, fundi wa umeme na mzaliwa wa hapa hapa, na Mungu akawajalia Kanini mwaka 2012 na Kiilu mwaka 2015.

Mwaka jana mwanafunzi wake Leyla, binti ya Bwana Adow anayefanya biashara ya mifugo, alimwuliza darasani kama kuna mwanamke aliyewahi kugundua kitu angani, ama kazi yao ilikuwa kutazama tu. Marehemu alimjibu kwa kuandika mchezo wa jukwaani juu ya wanawake watano wa ng'ambo waliopima nyota na kuhesabu njia za vimondo, ambao siku ya kuzikwa walitajwa kama dada wa fulani na mke wa fulani, kazi yao isitajwe. Katika mchezo huo jukwaa ni matanga, na kila mwanamke anasomewa historia yake upya, kwa utaratibu huu huu ninaoufuata sasa, na msomaji alikuwa Mbula mwenyewe. Muindi alifunga taa ndogo za nyota, na onyesho likapangwa kufanyika mjini Wote, Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025.

Jumapili tarehe 22 Juni alituma tangazo la mchezo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kwa kuwa mchezo ni wa matanga, alilitengeneza kama tangazo la kifo, picha yake juu, utepe mweusi pembeni, na maelezo chini. Kwetu mtu akiona picha na utepe mweusi hasomi maelezo. Kabla ya jioni akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kwa mama yetu Kabati wakiwa na kuni za matanga, na shangazi yetu Mumbua alikuwa amebeba sukari huku akilia. Mama alipiga simu, Mbula akapokea, akasema, "Mama, ni mchezo tu, mimi niko hapa nakula muthokoi." Shangazi alimnyang'anya mama simu akamwuliza, "Na hii sukari sasa niipeleke wapi, wewe msichana?" Mbula alicheka sana, akamwambia aiache hapo hapo, itapata siku yake.

Sehemu ya ugonjwa ni fupi, kwa sababu hakuugua. Alhamisi tarehe 17 Julai, wakati wa mazoezi, alilalamika kichwa kinamuuma, akaketi, na hakuinuka. Bwana Adow, aliyekuwa amemfuata binti yake, alimpeleka hospitali mjini Wote kwa gari lake, ambako madaktari walituambia mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani, na jioni hiyo akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Muindi aliandika habari hiyo kwenye kundi lile lile. Majibu ya kwanza yalikuwa vicheko. Mmoja aliandika, "Mwambieni tiketi tumeshanunua," mwingine akaandika, "Safari hii hatuji na sukari." Muindi aliandika tena, wakacheka tena. Ndipo Bwana Adow alipoendesha gari hadi Kabati, akasimama mlangoni kwa mama yetu, akamwambia, "Mama, mimi sijui mambo ya michezo. Nimemwona kwa macho yangu." Mama alimtazama, akaketi chini.

Baadaye wazee kadhaa wa pande zote mbili walitaka mchezo ufutwe, wakisema mtu hachezi na tangazo la kifo likamwacha, na wanafunzi, ambao wameufanyia mazoezi tangu Januari, walikuja hapa kungojea uamuzi. Mama aliwasikiliza wazee mpaka wakamaliza, akauliza, "Wale wa ng'ambo wasomewe hapa kwetu, na wangu anyamaziwe?" Kwa hivyo natangaza rasmi kwamba onyesho litafanyika siku ile ile, Leyla atasimama mahali pa mwalimu wake, na wanawake watakuwa sita. Nikimaliza hapa nitamkabidhi karatasi hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote, walimu wenzake wa Kathonzweni, majirani wa Kikima waliochimba kaburi, Bwana Adow na familia yake, na akina mama wa kanisa la Kabati, ambao wamekuja mara mbili. Chai mliyokunywa leo imepikwa kwa sukari ile ya shangazi Mumbua.

Mbula, ulitucheka kwa kuamini haraka. Safari hii tulichelewa kuamini, lakini tumefika sote. Pumzika kwa amani.